Gharama za Kuhifadhi Habari za Serikali: Mfano wa Makazi ya Mishamo

Kila serikali huandika. Huandika majina ya watu wake, mipaka ya ardhi yake, kodi, sheria na hukumu. Na yaliyoandikwa hayana faida isipokuwa yaweza kuonekana tena siku yanapohitajiwa. Tangu kompyuta zilipoenea katika ofisi za Tanzania, imezoeleka kusemwa kwamba kazi hiyo imekuwa nyepesi, na kwamba habari iliyotiwa katika mtandao haigharimu kitu, kwa kuwa haitaki karatasi, wala wino, wala kabati. Makala haya yanakusudia kuupima usemi huo kwa historia ya mahali pamoja, nayo ni Mishamo. Mahali hapo panafaa kwa kipimo hicho kwa sababu watu wake, kuliko wengi wengine katika nchi, wameishi kwa orodha. Kuhamishwa kwao kulikuwa kwa orodha, ruhusa zao za kusafiri zilikuwa karatasi, na uraia wao umetoka katika orodha. Orodha hizo zikipotea, hasara haimwangukii karani aliyeziandika. Humwangukia mtu ambaye jina lake lilikuwa ndani yake.

Mishamo iko katika Mkoa wa Katavi, kaskazini-magharibi ya mji wa Mpanda, upande wa njia iendayo Uvinza na Kigoma. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, ambao wengi wao walikuwa Wahutu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Si wakimbizi wa kwanza kuonekana katika nchi ile. Mwese, katika wilaya hiyo hiyo ya Mpanda, ilikuwa imepokea Wanyarwanda katika miaka ya 1960. Na kwa ajili ya Warundi yalikuwa yamekwisha kufunguliwa makazi ya Ulyankulu katika Tabora na Katumba karibu na Mpanda. Watu wa Mishamo kwanza walikuwa wamejikalia katika vijiji vya Kigoma pamoja na wenyeji, wakilima na kuoana; kisha Serikali ikaamuru wahamishwe, wakapelekwa katika msitu uliopimwa na kugawanywa. Eneo lake lilikuwa kama kilomita za mraba 2,050, nalo liligawanywa katika vijiji 16. Mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, Liisa Malkki, aliyefanya uchunguzi wake huko katika miaka ya 1985 na 1986, alikuta watu wapatao 35,000.

Msitu uliogawanywa namna hiyo hauwezi kutawaliwa bila maandishi. Kila jamaa ilipewa kiwanja chake, na kila kiwanja kilikuwa na mahali pake katika ramani. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1965 ilimpa Mkuu wa Makazi madaraka makubwa, na mkimbizi hakuruhusiwa kutoka nje ya makazi bila kibali. Basi palikuwa na daftari za kaya, vitambulisho, vibali vya kutoka, hesabu za mbegu na majembe, hesabu za mazao, orodha za wanafunzi na orodha za wagonjwa. Waandishi wa mambo haya hawakuwa wa ofisi moja. Serikali ilifanya kazi pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, yaani UNHCR, na shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lijulikanalo kama TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya umoja wa makanisa ya Kilutheri duniani. Mwaka 1985 usimamizi wa Mishamo ulikabidhiwa kwa Serikali.

Katika makabidhiano kama hayo, yanayohesabiwa ni majengo, magari, visima na mashine. Karatasi aghalabu hazihesabiwi. Na kwa kuwa waandishi walikuwa watatu, karatasi nazo zilikuwa na nyumba tatu: za Serikali zilikuwa katika masijala za makazi, za wilaya, za mkoa na za Wizara ya Mambo ya Ndani, za UNHCR zilifuata njia ya makao yake makuu katika Geneva, na za wamisionari zilifuata njia ya mashirika yao. Hii ndiyo gharama ya kwanza ya kuhifadhi habari, nayo ilikuwako kabla ya kompyuta yo yote kufika Mpanda: mwenye kutafuta jambo moja la Mishamo hana budi kujua kwanza ni nani aliyeliandika.

Gharama ya pili yatokana na mabadiliko ya mipaka ya utawala. Wilaya ya Mpanda zamani ilikuwa chini ya Tabora. Mwaka 1974 ulizaliwa Mkoa wa Rukwa, nayo Mpanda ikaingizwa humo. Mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Katavi kutoka katika Rukwa. Na baadaye nchi ya Mishamo ikawa katika wilaya mpya iitwayo Tanganyika. Ardhi ni ile ile na mito ni ile ile, walakini faili la mwaka 1970 limeandikwa Tabora, la mwaka 1980 limeandikwa Rukwa, na la mwaka 2015 limeandikwa Katavi. Karani mzee wa masijala aliyajua haya kwa kichwa. Kompyuta haijui ila ilichoambiwa. Na kuiambia kwahitaji mtu mwenye elimu ya historia ya utawala, aketi, asome kila jalada, na kuandika kwamba mahali fulani pa leo ndipo mahali fulani pa jana. Kazi hiyo ina mshahara wake, na mashine hata iwe ya bei gani haiwezi kuwa badala yake.

Tanzania haikuchelewa kutambua thamani ya maandishi. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ilianzishwa kwa waraka wa Rais wa mwaka 1963, ikapewa sheria yake mwaka 1965. Katika miaka hiyo wataalamu kutoka Ujerumani ya Magharibi walisaidia kuzipanga nyaraka zilizobaki za utawala wa Wajerumani, ambazo zilikuwa zimepita katika misukosuko ya Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, iliweka wajibu wa kutunza kumbukumbu juu ya kila ofisi ya umma tangu siku inapoandikwa, wala si siku inapozeeka tu. Kwa kawaida nyaraka za Serikali hufunguliwa kwa wasomaji zikiisha kutimiza miaka 30. Kwa hesabu hiyo, karatasi za kwanza za Mishamo zilitimiza umri wake mwaka 2008. Na jambo la ajabu ni kwamba mwaka huo ndio uliokuwa katikati ya shughuli kubwa kabisa ya kuandika majina iliyopata kufanyika Mishamo.

Shughuli hiyo ilianza mwaka 2007. Serikali ya Tanzania, pamoja na Serikali ya Burundi na UNHCR, ilikubali kwamba wakimbizi wa mwaka 1972 waliokuwa katika Ulyankulu, Katumba na Mishamo wachague mojawapo ya mambo mawili: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Walioandikwa walikuwa kama watu 218,000, na sehemu nne kwa tano walichagua uraia. Palikuwa na mfano wa kufuata, kwa maana mwaka 1980 Tanzania ilikuwa imekwisha kutangaza uraia kwa wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Lakini idadi ya safari hii ilikuwa kubwa mno, na orodha haikuweza tena kuwa kazi ya daftari na kalamu peke yake. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000, UNHCR ilikuwa imeanza kutumia katika nchi mbalimbali programu ya kompyuta iitwayo proGres kwa kuandikisha wakimbizi. Zama za orodha za kompyuta zilikuwa zimewadia.

Mwaka 2010 uraia ulitolewa kwa watu 162,156. Hapo ndipo lilipotokea jambo linalostahili kukumbukwa na kila atakayeandika historia ya habari za Serikali. Majina yalikuwapo, maombi yalikuwa yamekubaliwa, nayo maamuzi yalikuwa yametangazwa. Lakini hati zenyewe hazikuwafikia wenyewe. Ilikuwa imekusudiwa kwamba raia hao wapya waondoke katika makazi na kutawanywa katika mikoa mingine, ndipo wapewe hati. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2011, na hati zikaanza kugawiwa mwishoni mwa mwaka 2014, watu wakiruhusiwa kubaki walipo. Kwa miaka minne mtu wa Mishamo alikuwa raia katika orodha asiyoweza kuishika mkononi. Sababu ya kukawia haikuwa kompyuta. Ilikuwa ya siasa na ya ardhi. Hata hivyo fundisho ni dhahiri: kuwa na habari ni jambo moja, na kumfikishia mwenyewe ni jambo jingine, na kila moja lina gharama yake.

Yafaa sasa gharama hizo zihesabiwe kwa mfano. Ichukuliwe kwamba kila mmoja wa watu 162,156 ana hati moja yenye kurasa mbili, na kwamba kurasa hizo zapigwa picha ili zihifadhiwe katika kompyuta. Picha zitakuwa 324,312. Ikiwa kila picha ni ya megabaiti moja, zote pamoja zitaingia katika diski ndogo itoshayo katika kiganja cha mkono, na bei ya diski hiyo si kubwa kuliko ya baiskeli. Hapo ndipo husemwa kwamba kuhifadhi ni bure. Lakini picha isiyo na jina ni sawa na karatasi iliyotupwa katika gunia. Lazima mtu aisome kila hati, alinganishe jina, tarehe na kijiji, na kuyaandika mahali yatakapoweza kutafutwa. Karani akitumia dakika tatu kwa kila hati, kazi yote ni dakika 486,468, yaani zaidi ya saa 8,100. Karani mmoja afanyaye kazi saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka, atamaliza baada ya miaka minne na zaidi kidogo. Diski ni sehemu ndogo ya gharama. Sehemu kubwa ni macho ya binadamu.

Nayo macho hayo katika Mishamo yana kazi ngumu kuliko penginepo, kwa ajili ya majina. Kwa desturi ya Warundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, wala jina la baba si lazima liwe jina la ukoo la watoto wote. Ndugu watatu wa tumbo moja waweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata kidogo. Fomu ya Tanzania huuliza jina la kwanza, jina la kati na jina la ukoo. Mtu aliyeandikwa kwa namna moja mwaka 1978, kwa namna nyingine katika cheti cha shule, na kwa namna ya tatu alipoombewa uraia, mbele ya karani wa kijiji ni mtu mmoja, kwa kuwa karani amfahamu. Mbele ya kompyuta ni watu watatu. Zaidi ya hayo, sauti za Kirundi zilipoandikwa na makarani waliozoea Kiswahili, herufi za r na l, au za b na v, zaweza kupishana. Katika daftari kosa la herufi moja halizuii jicho kulitambua jina. Katika orodha ya kompyuta herufi moja yatosha kumfanya mtu asionekane. Kusahihisha makosa hayo ni gharama isiyoandikwa katika makisio ya fedha, na mara nyingi hulipwa na mwananchi mwenyewe kwa nauli, kwa kiapo na kwa siku za kazi zilizopotea.

Hatari ya kutoonekana imezidi kwa kadiri orodha moja ilivyofungwa na nyingine. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa ilianzishwa mwaka 2008, nayo imempa kila aliyeandikishwa namba yenye tarakimu 20. Kuanzia mwaka 2019 laini za simu ziliandikishwa upya kwa alama za vidole na kwa namba hiyo, na mwezi wa Januari 2020 laini ambazo hazikuandikishwa zilianza kufungwa. Zamani mtu asiye na karatasi alikosa ruhusa ya kusafiri. Siku hizi aweza kukosa simu, na pamoja na simu akakosa njia ya kupokea na kutuma fedha. Orodha imekuwa na nguvu kuliko ilivyokuwa wakati wa vibali vya Mkuu wa Makazi, kwa hiyo usahihi wake wastahili kugharimiwa zaidi.

Baada ya gharama ya kutengeneza yaja gharama ya kudumisha. Daftari la karatasi likiwekwa mahali pakavu, mbali na mchwa na mvua, laweza kukaa miaka mia bila kufanyiwa jambo lo lote ila kufagiliwa. Karatasi hustahimili kusahauliwa. Kompyuta haistahimili. Diski hubadilishwa aghalabu kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, maana huchakaa. Hivyo orodha ya mwaka 2014 ikitakiwa kusomeka mwaka 2064 itabidi ihamishwe kama mara kumi, na kila uhamisho uhakikishwe kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Zaidi ya hayo, hazina ya namna hii haiwezi kuwa nakala moja. Wataalamu hutaka nakala tatu, mojawapo iwe mbali na nyingine. Tena programu zenyewe hufa. Ofisi nyingi katika miaka ya 1990 ziliweka habari zao katika vile visahani vidogo viitwavyo disketi, na kompyuta za leo hazina hata tundu la kuviingiza.

Jambo hili halikutokea katika nchi zenye fedha kidogo tu. Mwaka 1986 Waingereza waliadhimisha miaka 900 tangu kuandikwa mwaka 1086 kwa daftari kubwa la mali na ardhi lililoamriwa na Mfalme William. Shirika la utangazaji la BBC lilitengeneza daftari jipya la taifa, si kwa wino, bali katika visahani vya mwanga wa leza. Watu zaidi ya milioni moja walichangia habari na picha, na gharama yake ilikuwa kama pauni milioni mbili na nusu. Haikupita miaka 20 ila mashine za kusomea visahani hivyo zilikuwa zimekwisha kuwa adimu, ikabidi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leeds na cha Michigan watafute njia ya kuziokoa habari hizo, wakafaulu mwaka 2002. Wakati huo wote daftari la mwaka 1086, lililoandikwa juu ya ngozi, lilikuwa likisomeka kama kawaida. Yapasa isisahauliwe kwamba ngozi ile nayo ilidumu kwa kuwa kila kizazi kilikuwa na mtu aliyelipwa kuilinda.

Kuna na gharama ya mtandao na ya umeme. Kabla ya mwaka 2009 Tanzania ilitegemea zaidi mitambo ya angani kwa mawasiliano ya intaneti, tena kwa bei kubwa. Mwaka huo waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, na Serikali ikaanza kuutandaza mkongo wa taifa wa mawasiliano. Mwaka 2012 ulianzishwa Wakala ya Serikali Mtandao, ambao kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2019 uligeuzwa kuwa Mamlaka. Lakini mkongo ukifika mjini si kwamba umefika kijijini, na mji wa Mpanda wenyewe kwa miaka mingi ulipata umeme wake kwa mashine za dizeli. Habari iliyomo katika kompyuta huko ilikuwa, kwa maana halisi, imehifadhiwa kwa mafuta.

Kadhalika kuchapisha kumebadilika. Desturi ya kisheria ni kwamba tangazo la Serikali hupata nguvu linapotokea katika Gazeti la Serikali. Katika zama za karatasi Serikali ililipa gharama yote ya kulifikisha: Mpiga Chapa Mkuu alilipiga chapa, posta ililichukua, na boma lililifungia katika majalada. Msomaji alilipa miguu yake tu. Siku hizi sheria nyingi, hukumu na matoleo ya Gazeti hupatikana katika mtandao. Tovuti ya TanzLII, iliyo chini ya Mahakama ya Tanzania, huzitoa kwa wasomaji pasipo malipo. Ni faida kubwa, kwani wakili wa Mpanda aweza kusoma hukumu siku ile ile asomapo wakili wa Dar es Salaam. Walakini kilicho bure kwa msomaji si bure kwa mtoaji, na mara nyingine si bure kwa msomaji pia. Mkulima wa Mishamo atakaye kuliona tangazo linalohusu ardhi yake yampasa awe na simu ya kufaa, anunue bando, au aende kwa mwenye steshenari amchapie ukurasa kwa ukurasa. Gharama ya karatasi haikuondoka. Imehama kutoka mfuko wa Serikali kuingia mfuko wa mkulima.

Mara nyingine gharama hubebwa na mgeni, na hapo pana mashauri ya kufikiri. Katika miaka ya 1960 nyaraka nyingi za Kenya zilipigwa picha katika filamu ndogo, na nakala zake zikawekwa katika Chuo Kikuu cha Syracuse huko Marekani. Karibu na mwaka 2010 kampuni ya Google, ikishirikiana na chombo cha taarifa za sheria cha Kenya, iliyapiga picha magazeti ya Serikali ya nchi hiyo tangu zama za ukoloni na kuyaweka mahali pa kusomeka na wote. Hapana awezaye kukana manufaa ya kazi hizo. Hata hivyo alipaye mpiga ngoma ndiye achaguaye wimbo: mgeni huhifadhi yale anayoyaona kuwa ya maana, kwa muda anaoutaka yeye. Hati za Mishamo zinazokaa Geneva hazikai huko kwa ubaya wa mtu. Zimekaa kwa sababu huko kulikuwa na fedha ya kuziweka. Lakini mwana wa Mishamo atakaye kuzisoma lazima kwanza ajue kwamba ziko, kisha aandike barua kwa lugha ambayo pengine si yake.

Haitakuwa haki kueleza hasara tu na kuficha faida. Karatasi ina maadui wake: moto mmoja waweza kuteketeza boma zima, na mchwa hawabagui cheti cha mtu na gazeti la zamani. Nakala ya kompyuta yaweza kuwako Dodoma, Dar es Salaam na Mpanda kwa wakati mmoja, na ikiharibika moja zingine zabaki. Jina laweza kutafutwa kwa dakika moja katika orodha ya watu laki moja na nusu, kazi ambayo katika daftari yachukua siku nyingi. Mwananchi aliyepoteza hati yake aweza kuthibitishwa bila kwenda makao makuu. Katika Sensa ya mwaka 2022 makarani walitumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na hesabu za nchi nzima, watu milioni 61.7, zikatangazwa mwaka ule ule. Na vishikwambi vyenyewe baadaye vikagawiwa walimu. Hayo ni mafanikio ya kweli. Kinachobishaniwa siyo ubora wa chombo, bali dhana ya kwamba chombo kikiisha kununuliwa matumizi nayo yamekwisha.

Tofauti kubwa kati ya zama mbili hizi yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Gharama ya karatasi ililipwa zaidi mwanzoni, wakati wa kuandika na kupiga chapa. Baada ya hapo ilipungua. Gharama ya dijitali ni ndogo mwanzoni, nayo haina mwisho. Hulipwa kila mwaka, na mwaka mmoja usipolipwa yaweza kuharibu kazi ya miaka ishirini. Kwa sababu hiyo haifai kuendeshwa kwa fedha ya mradi. Mradi huanza na kumalizika, wafadhili hupongezwa, mashine huachwa, na mtumishi aliyefunzwa huhamishwa. Shughuli ya uraia wa mwaka 2007 hadi 2014 ilisaidiwa sana na fedha za kutoka nje. Kuitunza orodha iliyotokana nayo ni mzigo wa nchi yenyewe, tena kwa muda mrefu kuliko maisha ya wale walioiandika.

Yako mambo matatu ambayo historia ya Mishamo yaonyesha kuwa ya lazima. La kwanza, makisio ya fedha ya kila mfumo wa kuandikisha watu yawe na fungu la kudumu la kuutunza na kuuhamisha, kama vile jengo linavyokuwa na fungu la kupakwa chokaa na kuezekwa. La pili, orodha zinazogusa haki ya mtu, yaani za uraia, za vizazi na za ardhi, zipigwe chapa pia katika karatasi nzuri, zifungwe na kuwekwa katika hifadhi ya taifa, ili umeme ukikatika au programu ikifa asili ibaki. La tatu, nakala ipatikane karibu na watu wenyewe. Vijiji na kata za Mishamo zina ofisi na zina shule. Si jambo gumu kwamba habari zinazowahusu wakazi zisomwe huko pasipo kulipia, wala mtu asihitaji kusafiri hadi Mpanda ili kujua jina lake limeandikwaje.

Kitabu cha Malkki juu ya watu wa Mishamo, kilichotolewa Chicago mwaka 1995, chaonyesha kwamba watu hao walikuwa na historia yao wenyewe, waliyoihifadhi kwa midomo, wakaisimulia kwa mpango na kwa ufasaha. Hifadhi hiyo haikugharimu Serikali hata senti moja. Lakini waliokuwa watu wazima mwaka 1972 leo wengi wao ni wazee sana au wamekwisha kufariki, na masimulizi, hata yawe ya kweli namna gani, hayakubaliwi peke yake katika dirisha la ofisi. Mtoto aliyezaliwa Mishamo mwaka 2014, siku zile hati zilipoanza kugawiwa, atakuwa na umri wa miaka 50 mwaka 2064. Pengine siku moja atatakiwa aonyeshe namna wazazi wake walivyopata uraia, kwa ajili ya shamba, au cheo, au safari. Jibu la swali hilo liko sasa katika karatasi za kabatini na katika diski za seva. Kama litakuwako siku hiyo, itakuwa ni kwa sababu katika kila mwaka uliopita kati, katika kila bajeti, palikuwa na mtu aliyekumbuka kulilipia.